Usiniambie niende baharini: namna ya kulitafuta pumziko lililo lako

Mtu akija Amu, yaani Lamu, kutoka Nairobi au Ulaya, amechoka, dawa yake ni moja: apelekwe Shela, akae mchangani, aitazame bahari. Hurudi kwao uso umemkunjuka. Nami niliagizwa dawa hiyo hiyo.

Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa Julai, kusi limeshika. Mume wangu ni mvuvi. Wenziwe wengi walikuwa wamepandisha vyombo au wanavua humu humu ndani penye mikoko, yeye akaendelea kutoka nje kwa sababu karo haijui kusi wala kaskazi. Akitoka, mimi nabaki na simu. Saa tisa usiku nampigia, hapatikani. Saa kumi nampigia, hapatikani. Mchana niko kibandani, mimi ni wakala wa M-Pesa pale Langoni, nahesabu pesa za watu huku akili iko kwenye maji, na katika wiki moja nilimwekea mtu pesa kwenye nambari isiyo yake mara mbili. Jirani akaniangalia, akasema: "Shoga, wewe umechoka. Ijumaa funga kibanda, nenda Shela ukae mbele ya bahari. Utatulia."

Nikaenda. Nikakaa nusu saa nikihesabu mawimbi yanayovunjika pale mlangoni, baina ya Shela na Manda, ambapo chombo chake hupita kwenda nje. Nilirudi nyumbani taya limekaza kuliko nilivyoondoka.

Bahari ndiyo iliyokuwa ikinikosesha usingizi, nami nimetumwa kwake nikaombe usingizi. Watu wa nje wana haki ya kutulia pale. Wao hawana mtu wao majini. Tangu siku ile, mtu akinipa ushauri wa kupumzika humwuliza kwanza: wewe wasiwasi wako unatoka wapi, na wangu unatoka wapi?

Basi haya nayaandika kwa aliye kama mimi: amechoka, ameshaambiwa kila kitu, na hakuna kilichomfaa. Mimi si daktari. Nina miaka arubaini na saba, watoto wanne, na mavyaa ninayeishi naye nyumba moja. Niliyoyapata, niliyapata kwa kujaribu na kuandika.

Fahamu kwanza msongo wako unakaa wapi mwilini

Mavyaa ndiye aliyenishtua. Nilikuwa nikijisifu kwamba leo nimepumzika, nimelala tangu Adhuhuri mpaka Alasiri. Akanitazama kwa jicho lile lake. "Wewe hupumziki, mwanangu. Wewe walala tu. Walala umekunja ngumi."

Nikachunguza, nikaona ni kweli. Nilikuwa naamka alama za kucha ziko viganjani.

Msongo wa mawazo tunausema kana kwamba uko kichwani, kumbe nusu yake iko kwenye nyama. Mtu akiona hatari, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda kifuani, misuli hujikaza iwe tayari kukimbia au kupigana. Nyuma yake hufuata kotisoli, ambayo huuweka mwili macho kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ni neema ukikanyaga nyoka shambani. Taabu ni kwamba mwili hautofautishi sana nyoka na simu isiyopatikana. Na nyoka huondoka. Simu unakaa nayo mpaka alfajiri.

Kwa hiyo siku tatu za mwanzo usijaribu dawa yoyote. Jikague tu, mara tatu kwa siku: baada ya Adhuhuri, baada ya Maghrib, na ukishaweka kichwa kwenye mto. Pitisha akili kuanzia utosini: paji, taya, ulimi (uko wapi? umegandama juu ya kinywa?), mabega, tumbo, ngumi, vidole vya miguu. Wangu ulikuwa tayani na kwenye bega la kulia, lile ninalobania simu nikihudumia wateja. Wa mavyaa uko tumboni; akiudhika hali chakula. Wa dada yangu aliyeko Malindi hauko kwenye nyama hata kidogo, uko kwenye mawazo yanayomzunguka kama punda aliyefungwa kigingini.

Ukishajua, umeshapunguza nusu ya safari. Aliyekaza misuli anahitaji kitu cha kuilegeza. Ambaye mawazo humzunguka anahitaji kitu cha kushika macho na mikono yake. Na kuna mtu ambaye hana lililokaza wala linalozunguka: ana upweke, na huyo hata umpe udi wa Makka, anachotaka ni binadamu wa kuketi naye.

Daftari

Wakala hufungua siku kwa kuandika floti yake (pesa zilizo kwenye simu) na pesa taslimu, na jioni hufunga kwa kuandika tena. Bila hivyo hutajua pesa zimepotelea wapi. Nikaona, mbona nafsi yangu siiwekei hesabu? Nikanunua daftari dogo, nikalipiga mistari mitano: siku, nilichofanya, uzito kabla, uzito baada, na uzito wa asubuhi yake.

Uzito huo ni wa wasiwasi, naupima kutoka 0 hadi 10. Sifuri yangu ni asubuhi ya Idi, watoto wote wako nyumbani na chombo kimefungwa gatini. Kumi yangu ni saa tisa ya usiku ule wa Julai. Nawe chagua sifuri yako na kumi yako katika mambo uliyoyaishi, la sivyo nambari hazitakuambia kitu.

Jaribu jambo moja kwa wiki nzima, si pungufu ya mara tatu. Usijaribu mawili pamoja, maana ukipata nafuu hutajua umshukuru nani. Siku ya kwanza usiiamini: kila kipya hupendeza. Ikiwa mara mbili kati ya tatu uzito umeshuka kwa 2 au zaidi, lishike jambo hilo. Hiyo kanuni ni ya kwangu, sikuipata popote, ila imenifaa.

Ule mstari wa asubuhi usiuache. Yako mambo yanayokushusha usiku na kukupandisha asubuhi, kama mkopo. Simu ni mojawapo. Nilikuwa nikiona nimetulia nikitazama video za mapishi mpaka saa sita za usiku. Usiku naandika 4, asubuhi naandika 8.

Uliza ulipokuwa na miaka kumi

Nilipokuwa natafuta la kujaribu, niliwauliza watu, na kila mtu alinipa lake. Sasa najua kwamba swali bora ni hili: ulipokuwa na miaka kumi, hujaambiwa na mtu kwamba una msongo, ulikuwa ukifanya nini mpaka ukasahau kuitwa kula?

Mimi jibu langu lilikuwa Matondoni, kwa nyanya yangu, nikichana miyaa. Nyanya alikuwa akisuka mikeka, kama wanawake wengi wa kule. Majani ya mkoma hukaushwa, huchanwa membamba, kisha hulowekwa yalainike yasikatike; yale ya rangi huchemshwa na rangi yake. Halafu husukwa ukili, mrefu kama utepe, unakunjwa mzingo unapozidi. Ukili ukitosha hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Kazi yangu mimi mtoto ilikuwa kuchana tu, na kunyamaza. Sikuwahi kusuka ukili wa maana.

Nikaenda nikanunua mafungu mawili ya miyaa iliyokwisha kuchanwa, maana kuchana kwenyewe sina tena vidole vyake. Wiki ya kwanza ukili wangu ulikuwa kama mkia wa paka aliyelowa. Lakini daftari likasema: kabla 7, baada 4. Kabla 8, baada 4. Kabla 6, baada 3. Na asubuhi haikupanda.

Nimefikiri sana kwa nini. Mikono yote miwili ina kazi, kwa hiyo simu haishikiki. Jicho lina mahali pa kukaa. Ukikosea kunjo moja, yanayofuata yote hupinda, hivyo mawazo yakitoroka kwenda majini yanarudishwa upesi, lakini hayarudishwi kwa fimbo. Kazi si ngumu ya kuchosha wala si nyepesi ya kukuacha ukizurura. Na jioni unaona umeongezeka shibiri mbili. Siku nzima nimehesabu pesa zisizo zangu, sasa nina kitu kilichokua mkononi mwangu.

Kwa hiyo ukitafuta wako, tafuta wenye sifa hizo: mikono inarudiarudia, hakuna anayekuharakisha, na unaona umefika wapi. Shemeji yangu anashona kofia za vito, tundu moja baada ya jingine, mamia. Kofia moja humchukua miezi na hajawahi kulalamika. Yuko anayekuna mbao, yuko anayepanda asumini kwenye makopo ya maziwa juu ya sakafu ya nyumba. Ukiwa hukumbuki cha utotoni, chukua kilichoko mkononi. Kupepeta mchele nako ni kazi ya mikono, ila usiwe mchele unaosubiriwa na watu wenye njaa.

Pumzi kwa tasbihi

Ukili huwezi kuusuka kibandani mteja yuko mbele yako anagomba. Kwa hapo nina pumzi.

Moyo huongeza mwendo kidogo unapovuta pumzi na huupunguza unapoitoa. Ndiyo maana wanaofundisha mambo haya husisitiza kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Vuta kwa pua, hesabu nne, tumbo litangulie kufura kabla ya kifua. Toa taratibu, hesabu sita, kama mtu anayepuliza chai asiyetaka kuimwaga. Jumla ni kama sekunde kumi. Mimi sitazami saa: nachukua tasbihi, kila pumzi nasogeza punje moja. Punje thelathini na tatu ni kama dakika tano na nusu, na hizo zinatosha. Ukiona kizunguzungu, umelazimisha. Rudi kwenye pumzi yako ya kawaida, siku nyingine upunguze hesabu.

Nisieleweke vibaya. Sala na uradi si mazoezi ya mishipa, ni ibada, na sipendi wanaoziuza kama vidonge. Ninachosema ni kwamba punje zipo mkononi, na mtu aliyezoea kusoma uradi polepole baada ya sala ameshajifunza nusu ya jambo hili bila kujua. Anayesoma mbio mbio awahi chai, huyo bado.

Kosa nililofanya mimi ni kungoja mpaka nifike 9 ndipo nianze kuhesabu pumzi. Haifanyi kazi vizuri hapo, ni sawa na kutanda matanga upepo umeshakuwa tufani. Fanya ukiwa 3 au 4, kila siku, mwili uizoee njia. Ukifika siku ya 9, utaijua hata gizani.

Kukaza ili kulegeza

Hili ni la wenye mabega kama yangu. Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyefanya kazi Chicago, alilishughulikia karne iliyopita, na miaka ya 1920 alikuwa ameshalitangaza: mtu hawezi kulegeza msuli asioujua kwamba umekaza, basi mwambie aukaze kwanza kwa makusudi, kisha auachie, ausikie tofauti yake.

Lala chali kwenye mkeka, si kwenye godoro linalodidimia. Anza na miguu: kunja vidole ukaze mpaka kwenye ndama, hesabu tano. Achia ghafla, kaa tu, hesabu kumi na tano, usikilize joto linavyoshuka. Panda: mapaja, tumbo, ngumi, mabega (yapandishe mpaka masikioni), taya, macho. Penye maumivu au palipowahi kuteguka, paruke. Kila mahali mara mbili mwanzoni. Dakika kama tano.

Taya langu ndilo lililochelewa. Nilikuwa naliachia, likirudi lenyewe. Nikagundua hila: weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, useme "nnn" kimya kimya. Meno huelekea kuachana ulimi ukiwa pale. Hadi leo nikimwona mteja anakuja na stakabadhi iliyokunjwakunjwa, nasema "nnn."

Mengine, kwa ufupi

Bahari niliirudia, nami sikuikataza kwa mtu mwingine. Kama wewe bahari haikudai kitu, kutembea kutoka mjini mpaka Shela ni kama kilomita tatu, dakika arubaini hivi za mwendo wa kawaida, na kutembea kwenyewe ni dawa hata bila bahari. Lakini usijiwekee ahadi ya saa moja ile ile kila siku. Maji hayafuati saa yako. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, na yakijaa wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, njia ya pwani huweza kufunikwa, nawe ukarudi umelowa mpaka magotini, umekasirika. Watu wengi wanaacha kutembea kwa sababu hiyo tu, kisha wanajilaumu ni wavivu. Waulize manahodha pale gatini maji yanatoka saa ngapi, panga wiki yako kwa hilo. Mimi sasa natembea upande wa pili, nyuma ya mji, kwenye minazi na miembe, nimeipa bahari mgongo. Uzito unashuka kwa 2, wakati mwingine 3.

Kulala mchana, kailula, maduka yetu yanakuruhusu: baada ya Adhuhuri mji hufunga mpaka saa kumi. Dakika ishirini au thelathini zinatosha. Ukizidisha unaingia usingizi mzito, ukiamka umekuwa mzito kuliko ulivyolala, na usiku unakesha. Mwanangu wa pili humfaa sana. Mimi nilishindwa, wageni wa mavyaa hawajui saa.

Baraza. Hapa nitasema la mume wangu kwa ruhusa yake. Yeye pumziko lake ni baraza baada ya Isha, dhumna, kelele, vicheko. Nilikuwa nikimwonea kijicho: mimi nakufa kwa wasiwasi kwa ajili yake, yeye anapiga dhumna. Lakini na yeye alikuwa halali. Tukamfungulia ukurasa wake kwenye daftari, akacheka, akaandika. Wiki mbili baadaye tukaona kwamba si baraza, ni kahawa. Alikuwa akinywa vikombe vinne vitano vya kahawa chungu saa tatu za usiku. Kafeini, kwa watu wengi, huchukua kama saa tano ndipo nusu yake iondoke mwilini. Saa nane za usiku bado nusu iko naye kitandani. Baraza akabaki nalo, kahawa akaihamishia Alasiri, usiku anakunywa maji ya tangawizi na kutaniwa na wenziwe. Analala. Pia alihama baraza: lile la kwanza lilikuwa la siasa na nani anamdai nani. Tazama barazani kwenu mnazungumza nini kabla hujasema baraza linakupumzisha.

Mugoka sitauzungushia maneno. Vijana wetu huniambia wanapumzika. Ule ni mmea unaomweka mtu macho, kathinoni iliyomo ni jamaa ya amfetamini, na anayekesha hajapumzika, amekopa. Ndugu yangu mmoja kijana alikubali kuandika wiki moja. Mstari wake wa asubuhi haukushuka chini ya 8.

Udi na ubani: napenda, nyumba hunukia, uzito haukushuka hata 1. Mavyaa anasema nimetumia udi wa bei rahisi. Huenda.

Dada yangu wa Malindi ndiye aliyenifunza zaidi kuliko wote, kwa kuwa kila linalonifaa mimi linamdhuru. Alifiwa na mumewe. Nilimpelekea miyaa, nikamwambia akae kimya asuke. Akanipigia simu baada ya siku tatu, sauti imekauka: "Ukimya ndio adui yangu, nawe unaniongezea?" Kumbe yeye akikaa kimya ndipo mawazo huja. Lake likawa sokoni. Anafanya usafi hotelini mpaka saa nane, kisha anashuka sokoni Malindi, anazunguka kwa wauza mboga, anabishana bei ya mchicha asioutaka, anacheka, anarudi nyumbani na kitunguu kimoja. Saa nzima. Kabla 8, baada 4. Sijui kitabu gani kingemwandikia dawa hiyo.

Namna ya kulipatia nafasi

Mwanamke mwenye nyumba akisema "nitapumzika nikipata nafasi," hataipata. Mimi nimelifunga la kwangu kwenye adhana: nikishasali Alasiri, dakika ishirini za ukili, juu sakafuni penye kivuli cha ukuta. Simu inabaki chini. Mwanzoni watoto waliniita kila dakika. Nikawaambia, anayeniita apande ngazi mwenyewe aje aniambie. Ngazi zetu ni kali. Mambo mengi yalikoma kuwa ya haraka.

Mume wangu akiwa majini, tuna patano jipya: anapofika penye mtandao hupiga mara moja na kukata, nami sipigi usiku. Hilo si pumziko, ni kupunguza chanzo, na lilishusha uzito wangu kuliko pumzi zote nilizohesabu. Ukiweza kuligusa lile lenyewe linalokukera, liguse kwanza. Nilichelewa miezi minne kulifikiria hili kwa sababu nilikuwa nikishughulika na kutulia.

Penye mpaka wa haya yote

Kama wiki mbili zimepita hulali wala huli, huna hamu ya chochote, unalia bila sababu, daftari liko 8 na 9 kila siku, hapo si pa mkeka wala tasbihi. Nenda hospitali, hapa Amu tunayo King Fahd, useme wazi kwamba ni moyo na mawazo, usijifiche nyuma ya "kichwa chaniuma." Na ikiwa umefika kufikiri kwamba bora usiwepo, usingoje kupambazuke: mwamshe mtu wa nyumbani umwambie kwa maneno hayo hayo, nenda naye hospitali. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hapa Kenya haitozi pesa, kuna watu wa kuzungumza nawe. Kifua kikibana na maumivu yakishuka mkononi, usiseme ni msongo. Mwache daktari ndiye aseme.

Watakaokuambia una jini hawatakosekana. Kisomo ni chema, somewa. Hospitali nayo nenda.

Likianza kukuchosha

Mwaka jana ukili wangu ulinyooka. Mtu mmoja wa nyumba ya wageni akauona, akaagiza mikeka sita, akataja bei nzuri. Nikakubali, nani angekataa? Nikaanza kuhesabu: siku ngapi, pima ngapi kwa siku, faida kiasi gani baada ya miyaa. Mkeka wa kwanza wa biashara ulipokuwa nusu, nikafungua daftari: kabla 5, baada 7. Siku ya pili hivyo hivyo. Vidole vilikuwa vinasuka, kichwa kiko kibandani kinapiga hesabu, na taya limerudi mahali pake pa zamani.

Nikarudisha malipo ya awali, nikamwelekeza Matondoni kwa wanaoijua kazi. Mume wangu hakupendezwa, na sikumlaumu. Pesa zile zingelipa karo ya muhula.

Mkeka wangu wa mwanzo, ule wa mkia wa paka, uko chumbani. Umepinda upande mmoja kama jahazi lililopakiwa vibaya. Mavyaa kila akiingia hunyoosha ncha yake kwa mguu, nayo hurudi kupinda. Juzi aliniuliza nitaufumua lini nianze upya. Nikamwambia niache kwanza, niko pima ya kumi na moja ya mwingine.